Hedfoni juu ya mtandio: DJ wa kupamba anunue zipi kwa elfu 15?

BintiKibokoni

Masalkheri wenzangu. Nina swali, na najua jibu la kwanza litakuwa "chukua zile wanazovaa wote", kwa hivyo naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Mie napiga muziki kwenye shughuli za kina mama. Kupamba hasa, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bi harusi, na singo, ile ya kumsugua manukato, mara moja moja, kuanzia huku kwetu Mji wa Kale mpaka Kisauni na Bamburi, na baada ya Idi wiki moja yaweza kuwa na kazi tatu. Huu ni mwaka wangu wa nne. Nina kontrola ya chaneli mbili, ile meza ndogo ya kuchanganyia nyimbo, na laptopu. Spika kubwa huwa za kukodi. Hedfoni nilizinunua duka moja mjini, nikaapiwa kuwa ni orijino. Chapa iliyoandikwa pale siitaji, maana sidhani kama wenye chapa yao waliwahi kuziona.

Ijumaa iliyopita nilikuwa ukumbi mmoja Majengo. Bi harusi yuko mlangoni, taa zimepunguzwa, wanawake washapanda juu ya viti. Upande mmoja wa kontrola nimeweka kasida ya kumuingizia, upande wa pili nimetayarisha singeli ya baadaye, ya kuwachezesha wakishakula. Nikabana kikombe cha kushoto cha hedfoni nisikilizie mwanzo wa kasida: kimya. Nikautikisa waya, ukakoroma krr, krr, ukanyamaza tena. Nikajiambia basi, ntakwenda kwa macho, ntatazama mawimbi kwenye skrini. Kumbe kwa kiherehere nimetazama upande siyo.

Mtoto wa watu kaingia na singeli. Kajifunika dhahabu, yuko kwenye kiti cha saluni tangu saa 5 za asubuhi, hatua anazitua moja moja kama alivyofunzwa na somo yake, na ngoma yaenda mbio kama bodaboda iliyokatika breki mteremko wa Nyali. Nikaikata baada ya sekunde nne hivi. Mamake bwana harusi akanitazama. Tazamo lile nalijua, ni la kupunguziwa hela, na kweli nilipunguziwa.

Nilipofika nyumbani nikazipasua. Waya umekatika pale unapoingia kikombeni, na wenyewe umegandishwa na gundi, huwezi kuutoa kutia mwingine. Sponji ndiyo usiseme: ngozi yake yabambuka vipande vyeusi vyeusi, kila nikitoka kazini nina madoa shavuni kama nimepaka wanja kwa ufagio.

Sasa hapa ndipo penye shida yangu hasa. Kwenye kupamba wanaume hawamo, kwa hivyo ningeweza kuvua mtandio. Sivui. Simu huwa zimekatazwa mlangoni na kila wiki naziona zimeinuliwa. Basi navaa hedfoni juu ya mtandio, na besi yote hupotea. Nikizibana kwa mkono naisikia kiki, lile pigo zito la ngoma, nikiachia nabaki na tss tss peke yake. Naongeza sauti mpaka kitufe kinagota, na nikilala masikio yanalia nziii mpaka alfajiri.

Nina elfu 15. Nikivunja kibubu, 17. Nichukue za kukaa juu ya sikio au za kulizunguka sikio? Na hizi za Bluetooth vipi, maana mwenzangu mmoja anazisifu sana?

ShomboLaLikoni

Pole sana dadangu. Lakini bi harusi kuingia na singeli, ndoa hiyo haitakosa mwendo.

Swali lako mbona rahisi? Waya ndio uliokuaibisha, ondoa waya. Mie nina za Bluetooth, nasikilizia kwenye feri asubuhi na jioni, mwaka wa pili huu hazijanisumbua. Elfu 4 tu. Hiyo elfu 11 nyingine kampoze mama mkwe.

MzeeWaKanda

Mwanangu Binti, usimsikilize huyo wa Likoni. Kusikiliza muziki ni jambo jingine na kuchanganya muziki ni jambo jingine.

Sauti ya Bluetooth ya kawaida haifiki sikioni papo hapo. Hufungwa, hurushwa, hufunguliwa upande wa pili, na safari hiyo huchukua milisekunde 150 hadi 200 hivi. Kwenye feri hujui, kwani unalinganisha na nini? Hata ukitazama video hujui, kwa sababu simu huichelewesha picha ili iende sambamba na sauti. Sasa fanya hesabu ya DJ. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 500. Amapiano ya 112 ni kama 536. Singeli yako hiyo, ikiwa ni ya 200, pigo kwa pigo ni milisekunde 300 tu. Kwa hivyo sikioni uko nyuma kwa nusu pigo au theluthi mbili za pigo. Utabonyeza pale unaposikia wewe, na ukumbi utasikia farasi wawili wanakimbia kila mmoja na njia yake. Zipo hedfoni za DJ zisizo na waya zenye kisambazaji chake cha redio, hizo huwahi, lakini si za elfu 15.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hulisahau, nalo halina uhusiano na hedfoni hata kidogo. Spika zako ziko wapi? Kama ukumbi ni mrefu nawe umewekwa kule nyuma karibu na jiko, spika ziko mita 15 mbele yako, sauti yake hukufikia imechelewa kama milisekunde 43, kwa joto letu hili. Hedfoni inakwambia sasa, spika inakwambia baadaye kidogo. Halafu walaumu hedfoni. Omba spika ndogo moja ikae karibu nawe, hata ya kiti. Ukikosa, tumia kile kitufe cha kuchanganya ndani ya hedfoni, zisikilize nyimbo zote mbili humo humo kwa masikio yote mawili, ukumbi uusahau.

Kuhusu kununua, mie nina jibu moja tu na nshakuwa nalo miaka mingi: Sennheiser HD 25. Zimetoka 1988 na umbo ni lile lile mpaka leo. Zina uzito wa gramu 140 hivi bila waya, hukai nazo kama umebeba nazi. Hukaa juu ya sikio, hubana sana, na kubana huko ndiko kunakozuia kelele za nje. Kikombe kimoja hugeuka, unakirusha nyuma ya sikio. Ukanda wa kichwani umegawanyika mara mbili, unaupanua usianguke ukiinama. Na kila kipande hutoka: waya, sponji, ukanda, hata kikombe chenyewe. Hakuna gundi. Mie nilianza kazi hii tukizungusha kanda kwa penseli kutafuta mwanzo wa wimbo, na kifaa ninachokiheshimu ni kile ninachoweza kukifungua mwenyewe.

Mwisho, na hili nisikilize. Hiyo nziii unayoisikia usiku si uchovu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, husema desibeli 85 zivumiliwe kwa muda wa saa 8, na kila zikipanda 3 ukate muda nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, mpaka 100 ambayo ni dakika 15. Dakika 15, na kupamba huanza saa 3 usiku mpaka karibu alfajiri! Sikio langu la kushoto, lile la kusikilizia, siku hizi halisikii simu ikiita chumba cha pili. Wajukuu washajua, wakitaka kuninong'oneza siri huja kulia. Kwa hivyo hedfoni yenye kuzuia kelele vizuri ndiyo itakayokuwezesha kupunguza sauti. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, mengine baadaye.

ShomboLaLikoni

Mzee nimekoma. Lakini feri bado nazivaa.

FundiMakupa

Mzee amesema kweli ila amesahau mfuko wa mtu. HD 25 mpya na halisi kwa elfu 15 hapa mjini ni ya kutafuta kwa tochi. Ukiiona mpya ya elfu 4 kwenye boksi linalong'aa, hiyo usiitafute, itakutafuta yenyewe.

Mie ni fundi, hedfoni huletewa kila siku, na nakuhakikishia kwamba huja na magonjwa matatu tu: waya, sponji, na bawaba. Spika ya ndani kufa ni nadra, labda imemwagikiwa sharbati. Kwa hivyo ukienda dukani usiulize "sauti yake vipi". Uliza: waya watoka? Sponji zauzwa kivyake? Bawaba ni ya plastiki tupu au ina chuma ndani? Kwa bei yako angalia Pioneer DJ HDJ-CUE1. Ni za kukaa juu ya sikio, spika ya ndani ni milimita 40, ukinzani wake wa umeme ni omu 32, waya watoka, na sponji na waya wa rangi rangi huuzwa peke yake. Ukipata iliyotumika ya Audio-Technica ATH-M50x pia si mbaya: hizo huzunguka sikio, vikombe hugeuka digrii 90, huja na waya tatu za kubadilisha. Lakini ni gramu 285, mara mbili ya zile za Mzee, na mwezi wa Februari utazijua.

Usibabaishwe na maandishi ya boksi. HDJ-X10 wameandika zatoa sauti nyembamba hadi hezi 40,000. Masikio ya mtu, tena mtoto, huishia 20,000. Zinazobaki ni za popo walioko kwenye mwembe.

Kitu cha kusoma kwa makini ni omu. 32 na 70 zote zaendeshwa na kontrola ndogo bila shida. Lakini mtu akikuletea Beyerdynamic DT 770 Pro kwa bei ya kirafiki, soma kwanza ubavuni: zipo za omu 32, za 80 na za 250. Ile ya 250 ni nzuri studio, kwenye kontrola yako itanong'ona kama mgeni.

Sasa, sponji kubambuka. Ile si ngozi, ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na plastiki ile huvunjwavunjwa na unyevu. Pwani hakuna siku kavu. Jumlisha jasho, jumlisha mafuta ya nywele na hizo haludi na asmini za kupamba. Miaka miwili ni mingi. Ukitoka kazini pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ziache zikauke ndipo uzitie kwenye mfuko, na kile kijipakiti cha chumvi chumvi kinachokuja na viatu vipya usikitupe, kitie humo. Au tafuta sponji za mahameli. Hazibambuki, zafuliwa kwa sabuni, ila besi hupungua kidogo na hunywa jasho.

Hizo zako za zamani usizitupe. Waya ukikatika pale mlangoni pa kikombe, ukate sentimita tano, ufungue, uuchomelee upya. Siri yake ni moja: ukiuchuna utakuta nyuzi za shaba za rangi, nyekundu, kijani, nyingine rangi ya shaba yenyewe. Rangi ile ni vanishi, ndiyo inayozitenga nyuzi. Mtu asiyejua hupaka risasi juu, haishiki, aseme waya mbovu. Iunguze kwanza kwa ncha ya moto mpaka itoe moshi, halafu itashika. Na ukikuta shaba imegeuka kijani, hiyo ni chumvi ya bahari imeingia, kata zaidi.

UmmiMtwapa

Nimewasoma nyote, na naona wanaume wawili wamejibu vizuri sana swali ambalo dada hakuliuliza. Mtandio je?

Dadangu, mie pia hupiga kina mama, Mtwapa mpaka Kilifi. Nilihangaika na jambo hili miezi. Kinachotokea ni kwamba kitambaa kinainua sponji, panabaki mwanya, na besi hutokea hapo kama hewa kwenye puto. Kitambaa kikikunjwa mara mbili, mwanya mara mbili. Pini ikikaa hapo chini ndiyo kabisa. Za kuzunguka sikio ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu zinahitaji ukingo wote ugusane na ngozi, na hijabu haikai shwari hata siku moja. Za kukaa juu ya sikio huwa afadhali, zinakandamiza kitambaa.

Lakini dawa yangu si hedfoni, ni fundi cherehani. Nilichukua kofia ya kuvaa ndani ya mtandio, ya kitambaa cha jezi kinachovutika, ile ya kubana, nikamwambia fundi anitobolee matundu mawili ya masikio na apige ovaloki ukingoni lisichanike. Navaa kofia, juu yake hedfoni, sikio likigusa sponji lenyewe, halafu mtandio wa nje wa shifoni juu ya vyote. Hakuna anayeona sikio, na besi yote ninayo. Mara ya kwanza kuvaa hivyo nilidhani nimebadilishiwa spika.

Mambo mawili ujihadhari nayo. Huwezi tena kuzivua na kuzivaa shingoni kila saa, kwa hivyo jizoeze kikombe cha kushoto kikae sikioni na cha kulia ukisukume nyuma ya sikio, chini ya shifoni, kibaki hapo. Na waya usiwe ule wa kujikunja kama wa simu ya zamani. Ule hunasa kwenye pini, hunasa kwenye shanga za nguo, siku moja ulinasa kwenye bangili ya mtu aliyekuja kunituza, tukabaki tumeshikana. Chukua ulionyooka, uteremshe mgongoni ndani ya buibui, utokee chini kiunoni. Ukivutwa unavuta buibui, hauvuti kikombe.

Fundo la nywele nalo. Ukanda mmoja mpana hukaa juu ya fundo, ukitikisa kichwa wateleza. Ukanda wa HD 25 uliogawanyika, mmoja unapita mbele ya fundo, mmoja nyuma. Kwa hilo namuunga mkono Mzee, ijapokuwa sidhani kama yeye ana fundo.

MzeeWaKanda

Nilikuwa nalo 1984, mama, kabla nywele hazijahama.

FundiMakupa

Ummi, hilo la matundu sikulijua. Ukipata HD 25 basi ujue zipo za aina mbili sokoni: kamili, na ile ya Light. Light ukanda wake ni mmoja, haugawanyiki, kikombe hakigeuki, na waya huingia pande zote mbili badala ya upande mmoja. Bei yake ni ndogo kwa sababu hizo. Kwa Binti mwenye fundo na waya wa mgongoni, sio yake.

Na ukienda kununua iliyotumika, nenda na simu yako, wimbo wenye besi nzito unaoujua vizuri, na jeki kubwa ya milimita 6.3 ya kujaribu. Tikisa waya sehemu tatu: kwenye jeki, katikati, kwenye kikombe. Upande mmoja ukiwa dhaifu usikimbie mara moja. Chomoa plagi ya kikombe kilicho kizima uitie kwenye kikombe dhaifu. Kikipona, ubovu uko kwenye waya, na waya ni kitu cha kubadilisha. Kikibaki dhaifu, spika yake ina neno, mwachie mwenyewe.

BintiKibokoni

Assalaam aleikum. Nimerudi baada ya wiki mbili na habari.

Kwanza nilizunguka mjini siku nzima, Digo Road, nikarudi mpaka karibu na Marikiti, jua la kichwa. HDJ-CUE1 nilizijaribu duka moja, kweli nyepesi na zakaa vizuri, na nilikuwa nshatoa pochi. Lakini ukanda wake ni mmoja, nami fundo langu si haba, nilipoinama zikanifika puani. Muuzaji akacheka, mie nikacheka, pochi ikarudi mkobani.

Halafu rafiki wa shangazi akaniambia kuna kijana anayepiga hoteli moja Nyali, anahama mji, anauza vitu. HD 25, kamili, ukanda wa kugawanyika. Anataka 12,500. Tulikutana nje ya hoteli, nikamwambia kaka, samahani, ntazifungua. Akanitazama kama nimemwambia ntampasua mtoto.

Upande wa kulia ulikuwa unasikika kwa mbali, kama mtu aliye chooni. Kijana akaanza kusema ah, ni simu yako hiyo. Nikakumbuka maneno ya Fundi. Hedfoni hizi zikiwa hazijavaliwa vikombe hugusana, kwa hivyo plagi yafika bila taabu. Nikachomoa ya kushoto, ile nzima, nikaitia kulia. Kikombe cha kulia kikalia kama ngoma ya vugo. Nikairudisha, kikazimia. Nikamwonyesha mara tatu ili asiseme nimemfanyia kiini macho. Nikamwambia waya umekufa, wa kununua mwingine, basi tuelewane. Tukaelewana 10,500. Sponji zake zilikuwa zishaanza kubambuka, hiyo sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nshaamua kutia za mahameli.

Waya mpya nimetia mwenyewe nimekaa barazani, mamangu akinitazama na kahawa yake. Dakika mbili, bila moto, bila gundi. Mama akauliza, "Ndiyo kwisha? Na zile za zamani ulikuwa ukilia nini?"

Kofia ya jezi nimemwekea fundi cherehani wa mtaani. Alidhani ni ya mtoto mwenye maradhi ya masikio, akataka kunipunguzia bei, nikanyamaza nikapunguziwa.

Jumamosi nikazipeleka kazini, ukumbi wa Bombolulu. Ummi, Mungu akulipe. Kofia, hedfoni, shifoni, waya mgongoni. Nimeisikia kiki ndani ya sikio huku spika ziko mita chache na wanawake wanapiga vigelegele. Kitufe cha sauti ya hedfoni, ambacho nilizoea kukizungusha mpaka kigote, hakikupita nusu. Na nilimwomba mwenye spika anitegee moja ndogo juu ya kiti, kama Mzee alivyosema. Alinung'unika, akaitega.

Niwaambie na ubaya pia. Baada ya saa mbili hivi, zimebana mpaka ncha ya sikio inawaka, hasa la kushoto lenye hereni. Nilivua hereni, nikaona nafuu. Nikapumzisha masikio kila nikiweka wimbo mrefu wa taarab, na bahati nzuri taarab haina haraka ya kwisha. Mahameli nayo nimeikuta asubuhi imenuka udi na jasho, nimeifua, iko kwenye kamba hapa dirishani sasa hivi kama soksi za kitoto.

Nilipolala sikusikia ile nziii. Ilikuwepo kidogo nilipokuwa kwenye tuktuk, nilipofika Kibokoni imetoka.

MzeeWaKanda

Alhamdulillahi. Upumzike angalau siku nzima kabla ya kazi nyingine. Na lile spika la kiti usiombe, liandike kwenye mapatano ya kazi tangu mwanzo.

ShomboLaLikoni

Na zile mbovu wauza ngapi? Nataka za kuvaa feri, waya nishachoka kuuogopa.

FundiMakupa

Hizo ameniahidi mie. Binti, ziko wapi? Nataka ile jeki yake, mteja wangu ananisubiri tangu Alhamisi.

BintiKibokoni

Zimo mkobani, ami. Ntapita Makupa Jumatatu baada ya adhuhuri nikitoka kuchukua kofia ya pili. Ya kwanza matundu yamekaa juu kidogo, moja linatazama nyusi.